UZI: Mbung'o wa Pangani mpaka Saadani, na mitego ya vitambaa inayoning'inia bila kukamata kitu

Fundi wa Mwera:

Wakuu habari za muda huu.

Kila mwaka mvua za masika zikikatika maswali ni yale yale kwenye magrupu yetu ya wafugaji. Ng'ombe kakonda wakati majani yapo tele, manyoya yamesimama, ufizi mweupe, tezi za begani zimevimba, mwingine katupa mimba. Ni ndorobo hiyo, ugonjwa wa vimelea unaoletwa na mbung'o, yule nzi anayenyonya damu. Na jibu linakuja fasta: mchome Berenil, ile sindano ya kutibu ndorobo. Sawa, mchome, mnyama anaumwa lazima atibiwe, ila kesho asubuhi unamrudisha kwenye vichaka vile vile kwa mbung'o wale wale, mwezi ujao unarudi dukani tena, na ukizoea kuchoma nusu dozi maana hela haitoshi basi vimelea navyo vinaizoea dawa. Wazee wa Mkwaja wanalijua hili. Ile ranchi ya huko ilifuga maelfu ya ng'ombe katikati ya mbung'o kwa kutegemea sindano za Samorin, dawa ya kukinga ndorobo, miaka na miaka, usugu wa dawa ukaja ukaonekana pale pale, na mwaka 2000 ranchi ikafungwa, eneo sasa ni sehemu ya Hifadhi ya Saadani.

Mimi ni fundi cherehani na nafuga pia, niko Mwera huku Pangani, na nashona mitego ya mbung'o. Nataka tuongee habari ya kumpunguza mdudu mwenyewe kwa kitambaa, wavu na akili. Najua wengi mmeshaiona ile mitego ya bluu na nyeusi porini mkaiona haina maana. Mingine kweli haina maana, na sababu zake zinajulikana, ndo nataka nizieleze.

Kwanza mjueni adui. Nzi wa kawaida wa nyumbani anataga mayai mia na kitu kwa mkupuo mmoja, kwenye joto letu hili yai linakuwa nzi kamili ndani ya wiki moja au siku kumi hivi. Huyo hata ukiua elfu leo umefanya kazi bure kama jalala liko pale pale. Mbung'o siye. Mbung'o hatagi. Anabeba funza mmoja tumboni, anamlea humo humo kwa maziwa yake, anamzaa kila baada ya siku tisa au kumi, mmoja tu. Yule funza anajichimbia kwenye udongo wa kivulini anakuwa buu gumu jeusi, anakaa huko karibu mwezi ndo anatoka akiruka. Jike akiishi miezi miwili mitatu amezaa watoto wa kuhesabu kwa vidole.

Kwa hiyo hesabu yake ni nyingine kabisa. Watafiti walishapiga mahesabu, ukiweza kuua asilimia 3 au 4 tu ya majike kila siku, kila siku bila kuacha, vizazi haviwezi kufidia, idadi inaporomoka mpaka inafika sifuri kama hakuna wengine wanaoingia kutoka nje. Asilimia 4 wakuu! Hakuna anayekuambia umalize wote leo. Ndo maana kitambaa kinachoonekana kama mchezo kinaweza kumshinda mbung'o na hakiwezi kumshinda nzi wa jalalani.

Naendelea chini, nipeni nafasi.

Mwana wa Kipumbwi:

Naam fundi, tuko pamoja. Mi nilikuwa najua anayenyonya damu ni jike tu kama mbu.

Fundi wa Mwera:

Hapana shehe, mbung'o dume na jike wote wanaishi kwa damu na wote wanaambukiza.

Sasa mtego. Mbung'o wa mchana anawinda kwa macho na pua. Kwa mbali anavutwa na bluu, lakini si kila bluu, ni ile bluu iliyokoza ya kung'aa kama sare za shule fulani hivi, ukileta ya bahari iliyopauka au yenye kijani ndani yake umepoteza hela. Akishafika karibu hatui kwenye bluu, anatafuta pa giza atue, ndo kazi ya nyeusi. Akitua kwenye nyeusi akakuta hakuna damu anaruka kwenda juu kwenye mwanga, na huko juu umemwekea wavu mweupe ulioshonwa kama koni au piramidi, anapanda, anapenya kwenye shingo nyembamba, anaingia kwenye chupa au kimfuko cha wavu na njia ya kurudi haioni. Jua linamkausha humo humo. Hakuna sumu hata tone.

Kwa hiyo mtego una sehemu tatu zinazotegemeana, bluu ya kuita, nyeusi ya kutulia, mwanga wa kupandia. Ukikosea moja zile mbili zingine hazina kazi. Nimeletewa mtego mmoja nikarabati, aliyeushona aliweka wavu wa kijani juu eti ndo uliokuwepo dukani. Sasa ndani ya ule mtego juu kuna kivuli na chini kuna mwanga unaotoka pembeni, mbung'o anaingia anatua anatoka kwa chini amestarehe.

Mitindo ipo mingi. Kuna wa koni mbili uliobuniwa na Wafaransa Challier na Laveissière mwaka 1973, huo ndo baba wa mingi iliyofuata. Kuna wa piramidi, rahisi kushona na unakunjika. Kuna ule unaoitwa Nzi, wa pembetatu, ulibuniwa na Steve Mihok alipokuwa anafanya kazi Kenya, una mabawa mawili ya bluu mbele, nyeusi katikati na wavu nyuma, mi ndo naupenda zaidi kwa zizini kwa sababu unakamata mbung'o na pia wale nzi wakubwa wanaouma farasi na ng'ombe, na wale wadogo wa zizini wanaofanana na nzi wa nyumbani ila wana mdomo umechomoza mbele kama sindano. Hao nao wanasumbua ng'ombe mpaka wa maziwa anashuka.

Mfugaji Handeni:

Mkuu bila samahani, kijijini kwetu waliletaga hiyo mitego na mradi fulani, wiki za mwanzo vichupa vinajaa, watu wakafurahi, baada ya miezi hakuna kitu na ng'ombe wanaumwa vile vile. Nikwambie ukweli watu walivua vile vitambaa wakashonea watoto kaptula. Bora kuogesha tu ng'ombe.

Fundi wa Mwera:

Ndugu yangu wa Handeni nashukuru umelisema maana hapa ndo penyewe.

Chupa kujaa wiki za mwanzo ni kawaida, unakamata waliokuwepo. Baada ya hapo inabidi iendelee kukamata kidogo kidogo kila siku, na hapo ndo watu wanaacha kuutunza. Mtego unauawa na vitu vidogo sana. Nyasi zikiota zikafika kwenye pindo la kitambaa mbung'o hauoni, maana huyu mdudu hapiti juu, anaruka chini chini usawa wa miguu ya ng'ombe. Kwa hiyo fyeka duara la hatua tatu nne kuzunguka mtego na ulifyeke tena na tena, moto wa kiangazi nao ukipita usiunguze kitambaa. Sisimizi wakipanda mti wa mtego wanabeba mbung'o wote kwenye chupa, ukija unakuta patupu unasema mtego haufanyi kazi kumbe umefanya kazi na chakula kimeliwa. Dawa yake ni grisi, unapaka mkanda kwenye mti, unarudia ikikauka au ikijaa vumbi. Bluu ikipauka kwa jua badilisha. Wavu ukitoboka shona. Nyani wakining'inia inua.

Habari ya kaptula inauma lakini tuseme ukweli, kama mtego ni wa mradi kitambaa hakina mwenyewe. Huku kwetu kila mtego una boma linalouhudumia, jina la boma limeandikwa kwenye pindo kwa rangi nyeupe, na ukipotea boma zima linachangia mwingine. Haijaisha kabisa kuibiwa ila imepungua sana.

Kuogesha siipingi hata kidogo. Mbung'o anapenda kuuma miguu na tumbo, ng'ombe aliyepakwa dawa miguuni na tumboni anakuwa mtego unaotembea. Ila hela ya dawa ikikata mbung'o anarudi, na nyumba yenye mbuzi watatu haipeleki mnyama joshoni.

Bwana Mifugo Mstaafu:

Fundi umeeleza vizuri, naomba niongeze ya zamani kidogo kwa faida ya vijana.

Kumpiga mbung'o bila dawa si jambo jipya. Kisiwa cha Principe, huko magharibi ya Afrika, Wareno waliwavalisha vibarua wa mashamba kitambaa cheusi mgongoni kimepakwa ulimbo, mbung'o wakija kumuuma mtu wananasa mgongoni. Pamoja na kufyeka na kuua nguruwe waliozagaa, ilipofika 1914 kisiwa kilikuwa kimesafishwa. Mbung'o walirudi tena 1956.

Hapa Tanganyika, Shinyanga, miaka ya 1920 Swynnerton, mtaalamu wa mbung'o wa serikali ya kikoloni, alisimamia kufyeka vichaka, wananchi kwa maelfu na mapanga, mbung'o akikosa kivuli anakufa kwa joto na buu lake haliivi. Ilifanikiwa kumfukuza mbung'o. Lakini ardhi ile baadaye, kufyeka kukijumlishwa na kilimo na mifugo iliyoongezeka, ilibaki uchi, vumbi tupu, ndipo serikali ikaanzisha HASHI, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, mwaka 1986 kurudisha miti na ngitili, yaani malisho yanayotengwa na kutunzwa. Kwa hiyo wanaosema "tufyeke pori lote" waangalie Shinyanga kwanza. Na huku pwani pori ndilo linashika maji ya mito yetu.

Zimbabwe wao waliwahi kuua wanyamapori kwa wingi mno ili mbung'o akose damu. Sidhani kuna mtu wa Saadani angependa tufike huko.

Fundi wa Mwera:

Asante sana mzee wangu. Na hao hao Zimbabwe ndo waliokuja kutupa elimu kubwa ya harufu. Mtafiti Glyn Vale aliweka ng'ombe kwenye shimo chini ya ardhi, limefunikwa, hewa inavutwa kwa bomba inatokea juu, ng'ombe haonekani kabisa, na mbung'o wakaja kwa wingi pale inapotokea ile harufu. Kutokana na kazi hizo wakajua kwamba pumzi ya ng'ombe ina vitu kama asetoni na oktenoli, na mkojo wa ng'ombe nao una vyake. Miaka ya 80 wakawa wanaweka vitambaa vya bluu na nyeusi vyenye harufu hizo na dawa ya kuua, vinne kwa kilomita moja ya mraba, wakasafisha maeneo makubwa sana. Sisi tusiopaka dawa tunahitaji zaidi ya vinne.

Kwa mtu wa kawaida oktenoli achana nayo, bei yake si yetu. Mkojo wa ng'ombe ni bure. Kinga asubuhi wakati wa kukamua, weka kwenye dumu, acha uchache wiki mbili tatu mpaka unuke kweli kweli, kisha chupa yenye mdomo wazi kidogo unaifukia chini ya mtego upande upepo unapotoka. Asetoni ukiipata maduka ya vifaa vya maabara iweke kwenye kichupa chenye kitundu kidogo tu, na usivute sigara hapo maana inashika moto haraka.

Mdau wa Makurunge:

Kaka mimi niko Bagamoyo huku Makurunge, nilishonewa mtego wa piramidi nikauweka kwenye msitu mnene kabisa karibu na mto, nikaweka na mkojo, nakamata wawili watatu tu na mbung'o ninawaona kwa macho yangu wananiuma. Tatizo nini?

Fundi wa Mwera:

Mbili. La kwanza umeuweka ndani ya msitu, hauonekani. Utoe nje, pembezoni pale kichaka kinapokutana na uwazi, au kwenye njia ya ng'ombe kwenda majini, jua liupige. Bluu kwenye giza ni nyeusi tu.

La pili ni gumu zaidi. Pwani yetu hii ina mbung'o wa aina kadhaa na tabia zao ni tofauti. Wale wa maporini na mbugani, pallidipes na morsitans, wanafuata mkojo na asetoni vizuri. Yule mkubwa brevipalpis anatoka alfajiri na magharibi, mchana humuoni. Na kuna yule mdogo wa vichaka vinene vya pwani, austeni, huyo harufu hazimsisimui sana na mitego ya kawaida anaikwepa. Yeye anapatikana kwa vibao vya bluu na nyeupe vilivyopakwa gundi. Inawezekana wako wengi ni hao. Tengeneza kibao kimoja cha gundi ukiweke pale pale ulinganishe na mtego, utapata jibu mwenyewe.

Huyo huyo austeni ndo alikuwa Unguja, na hapa watu wa Tanga tuna haki ya kujivunia. Kituo chetu cha utafiti wa mbung'o na ndorobo pale Majani Mapana ndo kilizalisha mbung'o kwa mamilioni, wanalishwa damu ya ng'ombe kupitia utando wa silikoni, madume yanapigwa mionzi yanakuwa tasa, yanapakiwa kwenye ndege yanaenda kumwagwa Unguja. Jike kwa kawaida anapandwa mara moja tu, akipandwa na tasa basi hazai. Kuanzia 1994 mpaka 1997 walimwaga zaidi ya milioni 8. Mbung'o wa mwisho wa porini alikamatwa Septemba 1996. Kazi hiyo ilifanywa na serikali zetu pamoja na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, lakini wadudu walikuzwa na dada zetu na kaka zetu wa hapa Tanga mjini.

Mwana wa Kipumbwi:

Asee sasa si watufanyie na sisi hivyo hivyo? Tunahangaika na vitambaa vya nini

Fundi wa Mwera:

Unguja ni kisiwa na alikuwepo aina moja. Wakimaliza wamemaliza, bahari inalinda. Huku kwetu aina ni kadhaa, kila moja inataka madume yake, na pori limeungana toka Pangani, Mkwaja, Saadani mpaka Bagamoyo, pongo na nguruwe pori wamejaa, mbung'o wanaingia kila siku. Halafu hata kule Unguja kabla ya kumwaga madume walianza kwanza kupunguza idadi kwa njia zingine ikiwemo kupaka ng'ombe dawa, maana tasa wanafaa pale wa porini wamebaki wachache.

Kwa hiyo sisi lengo letu ni kushusha, na kuweka mstari. Mtego mmoja kwenye boma lako peke yako hautoshi, wewe unapunguza jirani anakuletea. Tunachofanya ni kuweka mitego kwa mfuatano upande wa pori, boma kwa boma, kila boma na wake. Mahali jirani mmoja amekataa tunapaona kabisa, ng'ombe wa upande ule ndo wanaanza kuumwa.

Bi Mkubwa wa Chumbageni:

Wanangu hongereni. Mie sina ng'ombe ila nyumbani nzi wa chooni wanatuua, wajukuu macho yanatoka matongo kila siku. Huo mtego hauwezi kusaidia?

Fundi wa Mwera:

Shikamoo bi mkubwa. Watoto wapeleke kituo cha afya kwanza waangaliwe macho, na uso waoshwe kila siku kwa maji na sabuni, matongo ndo yanaita nzi. Mtego wa mbung'o hautakusaidia, nzi wako anazaliana kwenye kinyesi na uchafu kwa mamia. Inabidi umfungie mlango.

Kama choo ni cha shimo weka bomba la hewa, inchi nne au sita, lipite juu ya paa nusu mita, juu kabisa funga wavu mgumu usioshika kutu. Upepo ukipita pale juu unavuta hewa ya shimoni, harufu inatokea juu badala ya mlangoni, nzi wa nje wanaifuata wanakuta wavu. Waliozaliwa ndani wanafuata mwanga wa bomba wanafia pale. Chumba kiwe na kigiza, ukiacha mlango wazi nzi watafuata mwanga wa mlango. Tundu la choo cha aina hii usilizibe, hewa inapita hapo. Zimbabwe miaka ya 70 walipima vyoo viwili kwa siku 78, kisicho na bomba kilitoa nzi 13,953, chenye bomba lenye wavu 146. Wavu ukague mara kwa mara, ukitoboka umerudi mwanzo.

Bi Mkubwa wa Chumbageni:

Marahaba mwanangu. Bomba lipo, wavu ndo hakuna. Namtuma kijana kesho.

Mfugaji Handeni:

Fundi umenishawishi kidogo. Nataka nijaribu na majirani zangu wanne. Nikija Tanga mjini ninunue nini? Na nitajuaje kwamba niliyemkamata ni mbung'o kweli maana kwenye chupa kunakuwaga na takataka nyingi

Fundi wa Mwera:

Kumjua ni rahisi. Mwangalie akiwa ametulia, mabawa yake yamelaliana moja juu ya lingine kama mkasi uliofungwa, nzi wengine wanayaacha wazi pembeni. Mdomo umenyooka mbele. Rangi ya kahawia, na kama ameshanyonya tumbo limevimba jekundu. Wahesabu na uandike kwenye daftari kila unapomwaga chupa, mtego gani umekamata wangapi, ndo utajua upande gani wa pori unawaleta na uhamishie nguvu huko. Bila daftari mtabishana tu.

Vitambaa zunguka maduka ya Ngamiani. Bluu chukua pamba nzito au mchanganyiko wenye pamba nyingi, loweka kona moja kwenye maji usugue na kitambaa cheupe, ikitoa rangi rudisha. Nyeusi iinue kwenye jua, ukiona mwanga unapenya haifai, kaniki nzito ni nzuri kwa hili. Wavu mweupe wa chandarua kisicho na dawa. Uzi wa nailoni, wa pamba unaoza masika ya kwanza. Grisi kopo moja inatosha mitego yote mitano. Miti kateni huko huko, ila isiwe mibichi inayochipua.

Mkiwa tayari niandikie inbox nikutumie vipimo vya kukata, mkishindwa kushona njooni navyo Mwera nitawashonea wa kwanza mbele yenu na hiyo minne mingine mtashona wenyewe hapo hapo, cherehani ipo.